Rimu za Masika

Asubuhi moja ya Novemba, mvua ikiwa imekatika kama nusu saa hivi, nilisimama kwa fundi matairi pale Buzuruga kuziba pancha. Mbele yangu palikuwa na Subaru Impreza ya bluu imenyanyuliwa kwa jeki, bampa la mbele limepasuka upande wa kushoto. Mwenye gari, kijana wa miaka ishirini na kitu, alinipa shikamoo, nikaitikia, akaanza kunisimulia kabla sijamuuliza. Alikuwa akishuka kutoka Nyakato, mwendo wa kawaida. Bodaboda ikamkatia mbele, akakanyaga breki, gari likateleza mpaka likajigonga kwenye ukingo wa mtaro. Hakuwa anakimbia, na nilimwamini, kwa sababu bampa lililogonga kwa kasi huwa halipasuki kwa adabu namna ile.

"Na matairi ni mazima, mzee," akasema. "Hebu angalia kashata zilivyosimama."

Nikainama. Kashata zilikuwa zimesimama kweli, ndefu, zimechanjwa chale nyembamba nyingi kama mkate uliokatwa tayari. Ubavuni mwa tairi palikuwa na kipicha kidogo cha mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji, na mbele kidogo neno STUDLESS. Gari lilikuwa limetoka Japani likiwa limevaa matairi ya majira ya baridi, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likaendeshwa kilomita zaidi ya 1,100 hadi hapa kwenye ziwa, na miezi saba yote hakuna aliyemwambia kijana yule amevaa nini.

Nimeyaona matairi ya namna hiyo mara nyingi mno jijini Mwanza, na safari hii nimeona niandike. Nawaandikia hasa nyinyi wenye magari ya chini yenye nguvu, Impreza na Altezza, Mark X na GT86, mnaoyapenda magari yenu na kuyatolea jasho. Watu wa nchi za theluji wana jambo moja la busara sana kuhusu rimu na matairi, nasi tumelipokea kichwa chini miguu juu. Tumeuchukua mpira wao, ambao hapa ni hatari, tukaiacha desturi yao, ambayo ingetufaa.

Nianze na mpira. Tairi la kawaida huanza kukakamaa joto la hewa linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kwa hiyo tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini hata chini ya sifuri, na zile chale za kwenye kashata hufunguka ili ziing'ate theluji. Bridgestone walipoleta Blizzak mwaka 1988 walikwenda mbali zaidi, wakatia vitundu vidogo sana ndani ya mpira wenyewe ili vifyonze utando wa maji unaokaa juu ya barafu. Japani wakati huo ilikuwa ikihangaika na matairi ya misumari, yaliyokuwa yakichimba lami na kuijaza miji vumbi. Sheria ya mwaka 1990 ikayapiga marufuku, na tangu hapo matairi yasiyo na misumari ndiyo yanayobeba majira ya baridi kule. Neno studless maana yake ni hiyo tu, bila misumari. Ni kazi nzuri ya wahandisi, na kwa mtu wa Hokkaido ni mkombozi.

Mwanza tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ziwa hutupoza, lakini hata alfajiri ya Julai kipimajoto hakikaribii nyuzi 7. Mchana wa jua lami nyeusi huweza kupita nyuzi 50. Mpira ule laini unalegea, kashata ndefu zinapinda huku na huku kila ukikata kona, na usukani unakuwa mzito wa kuelewa: unageuza, gari linawaza kwanza, ndipo linafuata. Tairi linakwisha haraka kama raba ya kufutia penseli. Hayo yote ni hasara ya fedha tu. Ubaya wenyewe uko kwenye lami yenye maji ya uvuguvugu, ambako tairi hili huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko tairi la kawaida. Chale zilizowekwa kwa ajili ya barafu zinageuka kuwa udhaifu, kwa kuwa kila kipande cha mpira kinajikunja peke yake badala ya kushika kwa pamoja.

Yanatufikiaje? Mjapani anayeuza gari lake la zamani hana sababu ya kuliacha na matairi mazuri. Gari likiuzwa majira ya baridi huondoka na ya baridi. Na matairi ya mtumba yanayokuja yenyewe, yale yanayopangwa kama minara kando ya barabara, yamechanganyika ya kila aina. Hapo kuna mtego ambao naomba uushike vizuri. Tairi la baridi hutumika kwa mwenyewe miezi minne hivi kwa mwaka, halafu hufunguliwa na kuwekwa stoo. Likifika kwetu kashata bado ni ndefu, linang'aa, linaonekana jipya kuliko wenzake, kumbe mpira una miaka minane. Mnunuzi anayepima kwa macho atalichagua hilo hilo na kuliacha la kawaida lililo bora.

Kwa hiyo soma ubavu wa tairi kabla hujashika pochi. Kile kipicha cha mlima na chembe ya theluji kina maana kwamba limepimwa kwenye theluji. Neno STUDLESS halihitaji maelezo. Majina ya Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx na X-Ice yote ni ya familia hiyo. Alama ya M+S peke yake isikutishe. Matairi mengi ya magari ya juu yanayofaa kabisa kwetu yanayo, kwani alama hiyo husema tu kwamba mtindo wa kashata umefikiriwa kwa tope na theluji, bila kusema lolote juu ya mpira. Angalia pia herufi ya mwisho baada ya ukubwa wa tairi. Q ina maana tairi limethibitishwa hadi kilomita 160 kwa saa, na kwenye gari la spoti ni dalili kubwa ya tairi la baridi, kwani tairi la kawaida la gari kama hilo huwa na V, yaani 240, au W, yaani 270. Huendi kasi hizo na wala usiende. Herufi hiyo inakueleza tairi linastahimili joto kiasi gani, na joto ndilo linaloua tairi kwenye safari ndefu. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mtu wa Mwanza anafika Geita bila kusubiri kivuko, na tairi linazunguka saa nzima bila kupumzika.

Baada ya hapo tafuta tarehe. Ni tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 3819 ni wiki ya 38 ya mwaka 2019. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, na kama upande huo umegeuziwa ndani ya gari, ingia uvunguni na tochi ya simu. Mimi tairi likipita miaka sita silinunui hata likiwa zuri kama maua, na likifikisha kumi sipandi gari lenye tairi hilo kwenda nje ya mji.

Sasa ile desturi tuliyoiacha.

Ndugu zetu wanaoishi Uswidi wanalazimika kisheria kuvaa matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 hali ya barabara ikidai, na walioko Ujerumani wana sheria ya namna hiyo tangu 2010. Mwenye gari la spoti kule hawi na matairi ya namna mbili kwa rimu zile zile, akipanda na kushuka kwa fundi kila msimu. Anakuwa na seti mbili kamili, matairi na rimu zake. Na ile ya msimu mbaya huwa na rimu ndogo kwa inchi moja au mbili, tairi jembamba kidogo, ubavu mrefu. Kiangazi kikirudi anafungua nati ishirini, anavaa rimu zake kubwa za fahari. Rimu ndogo ni bei nafuu, tairi lake ni bei nafuu, ubavu mrefu huvumilia shimo lililofichwa na theluji, na tairi jembamba hukata kwenda chini badala ya kuelea juu.

Badilisha neno theluji uweke maji, na kila sababu inabaki pale pale. Shimo la Buhongwa lililojaa maji ya mvua halionekani, sawa na lile la Stockholm lililofunikwa na theluji. Madereva wa rali wamelijua hili siku nyingi. Magari ya Rally1 ya ubingwa wa dunia huvaa rimu za inchi 18 kwenye lami, na yakienda kwenye changarawe au theluji hushuka hadi inchi 15. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, na mwaka 2024 ikahamishwa kutoka Juni kwenda Machi, masika yanapoanza. Magari yenye nguvu kuliko gari lako lolote yanaingia kwenye tope lile na rimu za inchi 15. Hakuna anayeyaona ya kishamba.

Chukua hesabu hii ufanye mwenyewe kwenye karatasi. Tairi la 225/40R18 lina ubavu wa milimita 90, kwa kuwa 40 ni asilimia ya ule upana wa 225. Zidisha ubavu mara mbili, ongeza rimu ya inchi 18 ambayo ni milimita 457, unapata kimo cha milimita 637. Tairi la 205/55R16 lina ubavu wa milimita 113 karibu, rimu ya milimita 406, kimo 632. Tofauti ya kimo ni milimita 5, chini ya asilimia moja. Kipima mwendo hakitakudanganya, na gari halitakaa chini kwa namna ya kuonekana. Lakini umeongeza milimita 23 za mpira na hewa kati ya chuma chako na shimo. Milimita 23 ndizo zinazoamua kama utasikia kishindo uendelee na safari, au utasikia kishindo ushuke ukakute rimu imepinda na ubavu umetoka nundu. Katikati kuna 215/45R17, ubavu milimita 97, ambalo ni suluhu nzuri kwa asiyetaka kushuka sana.

Hapa kwetu kuna jambo moja linalotutofautisha na wazungu wa theluji, na ndilo linalonifanya nisisitize. Kwao msimu mbaya ni miezi minne. Kwetu vuli inaanza Oktoba, na ukiacha mapumziko mafupi baada ya mwaka mpya, masika yanatufikisha Mei. Hiyo ni miezi minane. Rimu za masika ndizo hasa rimu za gari la Mwanza, na zile kubwa ni za Juni hadi Septemba. Kama fedha inatosha seti moja tu, ianze hiyo ya mvua. Najua ushauri huu unauma. Nimewaona vijana wakiweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya inchi 18, na wakija kuniuliza maoni ninaumia kuwaambia. Lakini nawaambia.

Kabla hujanunua rimu ndogo, hakikisha inapita kwenye breki. Impreza STI yenye breki za Brembo haikubali inchi 16. Ukubwa wa chini kwake ni 17. Dawa ni rahisi: azima rimu moja, ivae kwenye gurudumu la mbele bila tairi, izungushe kwa mkono. Ikigusa popote, au ikibakiza nafasi isiyopitisha hata kadi ya benki, achana nayo.

Halafu matundu. Muuzaji wa rimu za mtumba atakwambia "inaingia, bosi," na pengine itaingia kweli, ila kuingia na kukaa ni vitu viwili. Impreza nyingi na WRX za zamani, pamoja na GT86 na BRZ, ni 5x100: nati tano kwenye duara la milimita 100. STI kuanzia toleo la 2005 ilihamia 5x114.3, na huko ndiko walipo Altezza na Mark X. Milimita 14 huzikosei kwa macho. Kinachowaangusha wengi ni tundu la katikati. Habu ya Subaru ina milimita 56.1, na Toyota za 5x114.3 zina 60.1. Rimu ya Caldina ni 5x100 kama ya Subaru, lakini tundu lake ni 54.1, kwa hiyo haitalala kwenye habu ya Impreza hata ukaze mpaka spana ilie. Rimu za madukani nyingi zina tundu kubwa la 73.1 ili ziingie kila gari. Hizo huhitaji pete ya kujaza nafasi kati ya rimu na habu. Bila pete hiyo rimu inashikiliwa na nati peke yake, na usukani unaanza kutetemeka ukipita kilomita 80. Fundi atafanya balansi mara tatu bila kuona kosa, kwa sababu kosa haliko kwenye tairi.

Nati nazo. Za Toyota nyingi zina uzi wa milimita 1.5, za Subaru na GT86 1.25, na unene wa bolti ni ule ule wa milimita 12. Nati ya Toyota inaanza kuingia kwenye bolti ya Subaru, raundi moja, ya pili, halafu inagoma, na anayetumia mashine ya upepo hasikii mgomo huo. Anasikia tu kwamba imekaza. Bolti imekufa. Anza kila nati kwa vidole, raundi nne au tano, ndipo chuma kije. Na rimu asilia za Toyota za alumini mara nyingi huwa na nati zake zenye shingo na washa bapa. Ukibadilisha rimu za duka zenye tundu la koni, zinataka nati za koni. Nati mbaya kwenye tundu zuri inalegea yenyewe barabarani.

Rimu ikitokeza nje na kufika usawa wa fenda inapendeza, sibishi. Lakini kila milimita unayoisukuma nje unaikamua beringi ya gurudumu, na matope ya masika yanarushwa ubavuni mwa gari mpaka kwenye kioo. Rimu asilia za magari haya huwa na ofseti ya karibu 50, imeandikwa ET nyuma ya rimu. Kaa karibu na namba hiyo.

Ukinunua rimu ya mtumba ya Kijapani tafuta alama za JWL na VIA zilizochorwa kwenye chuma. Zinaonyesha imepimwa nguvu. Izungushe kwenye mashine ya balansi ukiitazama ukingo wa ndani, maana ndiko inakopinda kwanza na ndiko kusikotazamwa. Ikiwa na alama ya kuchomelewa, irudishe. Kupinda kidogo kunanyooshwa, ila ufa uliochomelewa kwenye rimu ya alumini utafunguka siku nyingine, na hautachagua siku.

Tairi lenyewe la mvua uliangalie hivi. Nataka mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka tairi zima, hiyo ndiyo njia kuu ya maji, na vijito vya kando vinavyoyatoa nje ya ubavu. Kwenye matairi mengi kuna maandishi ya Traction: AA ni bora, A ni nzuri, na hupimwa kwa kufunga breki kwenye barabara iliyolowa, kwa hiyo yanakuhusu moja kwa moja. B na C usiziweke kwenye gari lenye nguvu. Karibu yake pameandikwa Treadwear. Namba ndogo, 200 kwenda chini, ni mpira wa mashindano, unashika vizuri ukiwa mkavu na una moto, na mifereji yake ni michache. Siku ya mvua ya Mwanza ile inayoanza na ngurumo ziwani saa kumi na moja alfajiri, tairi hilo ni baridi na halina pa kupeleka maji. Kati ya 280 na 400 ndipo ninapopendekeza. Kama tairi lina mshale wa ROTATION, hakikisha unaelekea mbele pande zote mbili. Nimekuta magari mjini yamevalishwa kinyume, mifereji inakusanya maji katikati badala ya kuyatoa.

Tairi jipya huwa na kina cha milimita 8 hivi. Ule utepe mdogo ndani ya mfereji unaoonyesha mwisho uko kwenye 1.6, lakini kwa mvua mimi nabadilisha kwenye 3. Njiti ya kiberiti inatosha kupimia: ichomeke kwenye mfereji, weka ukucha usawa wa mpira, ipeleke kwenye rula.

Upepo una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1963 watafiti wawili wa NASA, Walter Horne na Robert Dreher, walichapisha kanuni ya kukadiria kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji. Waliitafuta kwa ajili ya ndege, kwa maji yaliyozidi kina cha mifereji. Ukiigeuza kwa kilomita, chukua kipeuo cha pili cha upepo wa tairi kwa psi, uzidishe kwa 16.7. Tairi lenye 33 linaelea kwenye kilomita 96 kwa saa. Likishuka hadi 22, inakuwa 78. Kwa kupuuza upepo tu umejipunguzia kilomita 18, na tairi pana au kipara la gari dogo linaweza kuelea kabla ya hapo. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama umekatwa. Hapo ondoa mguu kwenye mafuta, usiguse breki, usukani uukamate ulivyo mpaka tairi lirudi chini.

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, na tumia namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, wala usikubali ile ya "arobaini zote" inayotolewa kila kituo. Gari likiwa limetoka Dar es Salaam utakuta limeongezeka karibu psi 2 bila kujazwa, kwa sababu hewa ya nje huku juu ni nyepesi. Lirekebishe ukifika, na ukirudi pwani lirekebishe tena.

Wenye Subaru za kuvuta magurudumu yote wana mzigo wa ziada. Matairi manne lazima yalingane, chapa moja, mtindo mmoja, na mzingo usitofautiane zaidi ya robo inchi. Tofauti ya uchakavu wa milimita moja tu kati ya tairi na tairi inatosha kuufikia mpaka huo, na tangu hapo mfumo wa katikati unaogawa nguvu unafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Ndiyo sababu kuweka tairi moja jipya baada ya pasuko kwenye Impreza ni kununua matengenezo ya giaboksi kwa mkopo. Nunua spea ya tano pamoja na yale manne, na uizungushe pamoja nayo. Kwa Altezza na Mark X zinazosukumwa nyuma, unaweza kubadilisha mawili mawili, na yaliyo bora yakae nyuma. Hata gari la kuvuta mbele yaliyo bora yakae nyuma. Mbele pakiteleza utapungukiwa kona, utaona na utapunguza mwendo. Nyuma pakiteleza kwenye mzunguko uliolowa, gari limegeuka kabla hujaelewa.

Na hata ukivaa tairi bora kuliko yote, mvua ya kwanza baada ya kiangazi iheshimu. Vumbi na oili ya kiangazi chote vimelala kwenye lami, na dakika ishirini za mwanzo vinakuwa utando. Karibu na Kirumba Mwaloni ongeza maji yanayodondoka kutoka kwenye magari ya samaki. Barabara za mawe za vilimani, zinazopendeza na kudumu, zikilowa zinakuwa laini kama kigae. Na Mto Mirongo ukifurika upande wa Mabatini, gari la chini halina biashara ya kujaribu kina. Maji yakiingia kwenye chujio la hewa injini haitauliza una rimu gani.

Yule kijana wa Impreza alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, kama ayauze yale matairi. Nikamwambia asimuuzie mtu. Yalikwenda kwa fundi anayeshona kandambili za matairi, na yeye akavaa 205/55R16 kwenye rimu za chuma kipimo cha kiwandani, zile zisizotazamwa na mtu. Rimu zake za zamani, za inchi 18, amezisafisha kwa sabuni, akazikausha, akazilaza moja juu ya nyingine chumbani kwake zikiwa zimefunikwa shuka zisipigwe na jua, na kila moja ameandika kwa chaki ilikotoka: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto.

Nawe ukishavaa seti yako, nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, gari likiwa bado limegusa chini kidogo, kwa spana ya kipimo. Toyota nyingi zinataka nyutoni-mita 103, na Subaru nyingi hazipishani sana na hapo. Kitabu cha gari kitakupa namba yako kamili. Kisha endesha kilomita hamsini hadi mia. Rimu mpya hujikalia kwenye habu, rangi inajibana, na nati iliyokuwa imekaza inaweza kulegea robo raundi. Ukielekea Musoma, simama Magu, subiri rimu zipoe, zikaze tena zote ishirini.